Wati si kila kitu: dhana potofu kuhusu kuoanisha amplifaya na spika

Mtu akiingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo au Luthuli Avenue, swali lake la kwanza huwa: "Hii ina wati ngapi?" Muuzaji analijua swali hilo, na kwenye boksi namba imeshaandikwa kubwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu wati pekee hazikwambii muziki utasikikaje sebuleni kwako. Spika na chumba ndivyo vinavyoamua amplifaya ipi inakufaa. Anayeanza na amplifaya, halafu akaitafutia spika zozote zile, mara nyingi hutumia pesa mara mbili.

"Amplifaya ya wati 100 inapiga mara mbili ya ile ya wati 50"

Haipigi mara mbili. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu: sikio linaisikia tofauti hiyo, lakini ni ndogo. Ili wasikilizaji wengi waseme sauti imekuwa kubwa maradufu, inahitajika nyongeza ya karibu desibeli 10, na hizo zinadai wati mara kumi. Kutoka 50 uende 500.

Namba yenye uzito zaidi iko kwenye karatasi ya spika, na ni wachache wanaoisoma. Ni unyeti: desibeli ngapi spika inatoa ikipewa wati 1, kipimo kikiwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 91. Tofauti ya 84 na 90 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini desibeli hizo 6 ni sawa na wati mara nne. Amplifaya ya wati 25 yenye spika za 90 inapiga sawasawa na ya wati 100 yenye spika za 84. Ukienda kwenye ncha zenyewe, LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970, ina desibeli 83 hivi. Klipschorn ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1940, inapita 100, na amplifaya ya valvu (taa za kioo badala ya transista) ya wati chache tu inaitosha.

Tufanye hesabu ya sebule ya kawaida. Spika mbili za desibeli 86, umekaa mita 3. Kwa wati 1 kila spika, unapata karibu desibeli 83 pale ulipo, ukihesabu sauti inayopungua njiani na ile inayorudishwa na kuta. Kusikiliza kwa starehe ni desibeli 75 au chini ya hapo. Hiyo ni sehemu ndogo ya wati moja! Kwa nini basi tununue wati 50? Kwa sababu muziki una vilele. Pigo la ngoma au tarumbeta inapoingia linaweza kupanda desibeli 20 juu ya wastani kwa muda mfupi sana, na desibeli 20 ni wati mara mia. Wastani wa wati 0.16 unahitaji akiba ya wati 16. Ukipandisha wastani hadi desibeli 85, vilele hivyo vitadai wati 160. Akiba hiyo ndiyo unayoilipia.

Angalizo moja. Watengenezaji wengine hupima unyeti kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kitu kilekile. Kwa spika ya omu 4, volti hizo ni wati 2, kwa hiyo toa desibeli 3 kwenye namba kabla ya kulinganisha.

"Boksi limeandikwa PMPO 5000, hii ni kali"

Namba ya PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kutangazia biashara, haina kanuni ya upimaji inayokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Geuza kifaa utazame kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme kinachotumia. Sabufa inayovuta wati 60 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 5000 za muziki kwa mfululizo. Marekani iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani mwaka 1974, kwa sababu hali ilikuwa hivihivi huko. Tafuta wati za RMS (zile kifaa kinachoweza kuzitoa kwa mfululizo), zikiwa zimetajwa pamoja na omu na kiwango cha uchafuzi wa sauti.

"Amplifaya ndogo ni salama kwa spika, kubwa inaziunguza"

Dhana hii imeua twita (spika ndogo za sauti za juu) nyingi kuliko nyingine yoyote. Mtu ana spika za wati 100, ananunua amplifaya ya wati 30 akiamini amejikinga, kisha siku ya sherehe anafungua sauti hadi inakwaruza. Kesho yake twita hazilii.

Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake haiishii pale kwenye wati 30. Vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Wimbi likikatwa kabisa hadi kuwa mraba, linabeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kimo kilekile. Ile amplifaya ya wati 30 sasa inakaribia 60. Tena vilele vimekatwa huku sehemu za chini za muziki zikiendelea kupandishwa, kwa hiyo wastani unapanda na koili (waya uliosokotwa ndani ya spika) hazipati nafasi ya kupoa. Zile "wati 100" za spika zimehesabiwa kwa muziki wote kwa jumla, ambao nguvu yake nyingi iko kwenye besi na sauti za kati. Twita yenyewe hubeba sehemu ndogo tu ya hizo.

Mafundi wengine husema amplifaya iliyozidiwa hutoa umeme wa DC (mkondo usiobadili mwelekeo) na ndio unaounguza twita. Sivyo. Kwenye spika iliyotengenezwa vizuri, njia ya twita ina kapasita, na kapasita haipitishi DC. Kinachoua ni joto: spika ya desibeli 92 hugeuza asilimia 1 hivi tu ya umeme kuwa sauti, na karibu yote iliyobaki inaishia kuwa joto kwenye koili.

Amplifaya kubwa nayo inaunguza ikishikwa na mkono usio na adabu. Lakini amplifaya yenye wati RMS sawa na za spika, au hata mara mbili yake, ikisikilizwa bila kukwaruza, ni salama zaidi kuliko ndogo inayolazimishwa. Ukisikia sauti imeanza kuwa chungu masikioni, punguza hapohapo.

"Kitufe cha sauti kikiwa nusu, amplifaya iko nusu ya nguvu zake"

Kitufe hakijui wati. Kinapunguza tu kiasi cha mawimbi kinachoingia. Amplifaya nyingi za zamani zilitengenezwa zifikie nguvu zake zote kwa kulishwa volti 0.2 hivi, huku deki ya CD ikitoa volti 2. Kwa mwenye vifaa hivyo viwili, amplifaya inaweza kuwa imefika mwisho kabla kitufe hakijafika katikati.

"Omu ni omu tu, ilimradi spika inalia"

Omu iliyoandikwa nyuma ya spika ni ya kukadiria. Spika ya "omu 8" inaweza kushuka hadi 6 au chini yake kwenye sauti fulani na kupanda kupita 30 kwenye besi. Kadiri omu zinavyoshuka, amplifaya inatakiwa kutoa mkondo mwingi zaidi, na inachemka zaidi. Ndiyo maana spika mbili zenye unyeti uleule zinaweza kuitendea amplifaya moja tofauti kabisa. Miaka ya 1980 kulikuwa na Apogee Scintilla, spika ya omu 1, na amplifaya nyingi nzuri ziliishindwa.

Hatari inayotukabili sisi zaidi ni ya kuongeza spika. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa 2. Spika za gari kwa kawaida ni omu 4, hivyo mbili tu zikifungwa sambamba zinafika 2. Kama nyuma ya amplifaya pameandikwa "omu 8 hadi 16", mzigo huo siku moja utakata fyuzi au kuunguza transista. Zifunge kwa kufuatana, omu zijumlishwe. Omu nyingi kupita kiasi haziidhuru amplifaya ya transista, wati zinapungua tu. Ya valvu ni jambo jingine: chagua terminali ya omu inayolingana na spika, na usiipige kamwe bila spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Na kwa wanaonunua mitumba: amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inatumia volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushushia, hapana cha kuoanisha tena.

"Spika kali zinahitaji amplifaya yenye sauti laini"

Kwa valvu kuna ukweli ndani yake. Amplifaya nyingi za valvu hazina udhibiti mkubwa juu ya spika, hivyo sauti hupanda na kushuka zikifuata omu za spika. Kwa amplifaya za kisasa za transista, ambazo hazijazidiwa, tofauti ni ndogo mno kuliko watu wanavyoapa. Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver aliirekebisha amplifaya yake ya transista ya bei nafuu ifanane na nyingine ya bei kubwa, na wahariri wa jarida la Stereophile wakashindwa kuzitofautisha. Ukitaka kulinganisha mbili kwa haki, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Ile inayopiga juu kidogo tu huonekana kuwa na besi nzuri na uhai zaidi, kwa sababu masikio yetu yanasikia besi vibaya sauti ikiwa chini. Spika kali ibadilishwe spika, au igeuzwe isikuelekee moja kwa moja.

"Nyaya za bei ndizo zinazoleta besi"

Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wa urefu wa mita 5, una omu 0.07 kwenda na kurudi. Inatosha. Besi ikiwa nyembamba, kagua kwanza kama spika moja imefungwa nyekundu kwa nyeusi. Hapo spika mbili zinavutana, moja ikisukuma nyingine ikirudi, na besi inafutika.

"Sauti ikiwa haina uwiano, kosa ni la amplifaya"

Mara nyingi zaidi kosa ni la chumba. Sebule zetu ni tofali, saruji na vigae, na vyote vinarudisha sauti. Kuta zinazokabiliana kwa mita 4 hukuza besi ya karibu Hezi 43: ukikaa ukutani inavuma, ukikaa katikati inatoweka. Kabla ya kubadilisha kifaa, sogeza spika zitoke kwenye kona, ziwe nusu mita au zaidi kutoka ukutani. Spika mbili na kiti chako vifanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana, na twita ziwe usawa wa masikio. Tandika zulia mbele yake, weka pazia zito. Kisha piga wimbo mmoja wenye gitaa la besi unaoujua vizuri, na sogeza kiti mbele na nyuma hadi noti zote za besi zisikike kwa ukubwa unaokaribiana. Kama baada ya hapo bado unahitaji amplifaya nyingine, sasa una sababu ya kuinunua.