Kazi ikikata, nyumba ya rehani iko salama mpaka mahakamani?

Mafundi na wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam huamini kwamba kazi ikikata na marejesho yakakwama, benki haiwezi kuuza nyumba iliyowekwa rehani bila hukumu ya mahakama. Inaeleweka, nyumba si friji. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999, pamoja na marekebisho yake, inamruhusu mkopeshaji kuuza mwenyewe, baada ya notisi ya siku 60. Kwa hiyo bahasha ya notisi hiyo usiifungie kabatini: andika juu yake tarehe uliyoipokea, uanze kuhesabu. Riba nayo haisimami eti kwa kuwa saiti zimekauka. Soma kwenye mkataba wako kipengele cha kushindwa kulipa, kisha nenda tawini ukaombe kupangiwa upya marejesho, kabla notisi haijaandikwa.