Pikipiki inayokata nguvu na kurudi: ipime ikiwa bado ya moto

Pikipiki ikizima moja kwa moja, kazi yangu ni nyepesi, kosa lipo palepale. Inayonitesa ni ile inayokimbia vizuri dakika 20, ikaanza kumisi, ikakata nguvu, ikazima. Mwenyewe anaisukuma hadi kivulini, anakaa kidogo, anapiga kiki, inawaka. Akiifikisha gereji imeshapoa, na fundi anapima mashine ambayo muda huo haina kosa.

Dereva mmoja wa bodaboda wa hapa Msamvu, Morogoro, aliniletea ya cc 125 yenye ugonjwa huo. Alikuwa ameshafungiwa plagi mbili, kabureta mpya na CDI (kile kisanduku cha umeme kinachopiga moto wa plagi), vyote kwa kubahatisha. Iliniuma, maana pesa hiyo inatoka kwenye hesabu ya tajiri wake. "Fundi, nikiimwagia maji inawaka," akaniambia. Nikamwomba asirudie, silinda ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupasuka. Ila neno lake lilinipa mwanga: joto linahusika.

Swali langu la kwanza huwa moja. Ikikata nguvu, injini inalia sana lakini pikipiki haiendi, au injini yenyewe inafifia? Ikilia bila kwenda, tazama klachi, usiguse kabureta. Yake ilikuwa inafifia.

Tukatoka pamoja njia ya Mzumbe. Nilibeba spana ya plagi, bisibisi, plagi nzima na mita ya umeme. Ilipozima tu nikaanza kazi, kwa sababu hapo una dakika chache kabla haijapoa.

Kwanza nilifungua kifuniko cha tenki huku nimetega sikio. Kitundu cha hewa kikiziba kwa vumbi, petroli inashindwa kushuka, na ukifungua utasikia hewa ikivutwa ndani, fsss. Ugonjwa huu unafanana mno na wa umeme, kwani pikipiki ikipumzika hewa hupenya taratibu na mafuta yakashuka tena. Kifuniko chetu kilikuwa kimya. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, petroli ikatoka kwa nguvu, safi, bila tone la maji. Mafuta yanafika. (Ikiwa inakohoa ukiwa mwendoni, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, mafuta ni haba au mpira wa kabureta unaingiza hewa.)

Nikafuta petroli yote na kuisogeza pikipiki mbali na pale ilipomwagika, ndipo nikaangalia moto wa plagi. Plagi nje, imevikwa kofia yake, chuma chake kimegusa injini, kiki. Cheche moja nyembamba ya njano, kisha hakuna kitu. Nikaweka plagi yangu, hali ileile.

Nikachomoa soketi ya palsa, ile koili ndogo iliyo pembeni ya magneti, nikapima. Mita haikusoma kitu, kama waya uliokatika. Tukakaa chini ya mwembe robo saa, nikapima tena bila kugusa chochote: omu 210 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme). Dereva aliinama kutazama ile namba, akanitazama mimi, akanyamaza.

Ndani ya palsa kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana. Ukikatika ndani, au risasi ya kulehemu kiungo ikipata ufa, ncha mbili hugusana zikiwa baridi. Injini ikichemka vitu vinatanuka, ncha zinaachana, CDI haipati taarifa ya lini ipige moto. Ikipoa zinagusana tena.

Lakini usitupe palsa kwa sababu tu namba imepanda. Shaba huongeza ukinzani kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo palsa ya omu 210 ikipata nyuzi 50 zaidi itasoma karibu 250, na hiyo ni nzima. Mbovu ni ile inayopotea kabisa, au inayorukaruka ukiitikisa waya wake.

Tukafunga palsa nyingine. Kesho yake alipeleka abiria Mzumbe mara mbili, na kila aliporudi nilipima kabla haijapoa: 246, kisha 248. CDI yake ya zamani ilikuwa bado kwenye mfuko wa rambo chini ya siti. Nikaifunga tuijaribu, pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza.