2,147,483,647 ni namba gani?

Isome taratibu: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa macho haina mpangilio. Lakini zidisha 2 thelathini na moja zote pamoja, kisha toa 1, utaipata hiyo hiyo. Namba zinazopatikana hivyo huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa aliyeandika orodha yake mwaka 1644.

Hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Usidhani kipeo, yaani idadi ya hizo 2 unazozidisha, kikiwa tasa basi na jibu litakuwa tasa. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kipeo cha 31 nacho kilihitaji uthibitisho, na aliyeutoa ni mwanahisabati Leonhard Euler, ukachapishwa mwaka 1772. Wakati huo alikuwa St. Petersburg, Urusi, na macho yake karibu hayaoni tena.

Kwa njia ya kawaida angejaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba hii (ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaitoa), yaani mpaka 46,340, nazo zinapita 4,700. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi habari hii. Ikiwa kipo kigawo tasa chochote, lazima ukikigawa kwa 248 kibakize 1 au 63. Sharti hilo peke yake linafagia karibu namba zote. Zinazopenya hadi 46,340 hazifiki 400, na nyingi kati ya hizo si tasa. Namba tasa ya kwanza kupenya ni 311. Shika kalamu: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, inabaki 35. Imekataa. Zinazofuata nazo zinakataa, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, na humo namba yetu ni 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja, bila sifuri hata moja. Katika programu zinazotunza namba kwa nafasi 32, nafasi moja huachiwa alama ya chanya au hasi, na hizo 31 zinazosalia zinajazwa na namba hii mpaka ukingoni. Ukiongeza 1, kwa kawaida hugeuka kuwa hasi 2,147,483,648.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, kwa nafasi hizo hizo 32. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa majira ya Afrika Mashariki itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7.