Vijiti Vikijaa Havimaanishi Intaneti Ina Kasi

Wengi huamini kwamba vijiti vya mtandao vikijaa kwenye simu, intaneti lazima ikimbie. Ikisuasua, wanadhani bando limeliwa. Sivyo. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani, basi. Havisemi mnara huo unahudumia watu wangapi. Saa 2 usiku, mtaa mzima ukitazama video, kila mmoja hupata kipande kidogo cha uwezo uleule.

Tazama pia alama iliyo kando ya vijiti, ambayo watu huipuuza mno: E ni mtandao wa kizazi cha pili, mzito hata vijiti vikijaa. 4G yenye vijiti viwili mara nyingi huushinda kwa mbali. Kabla ya kununua bando jingine, kagua salio, kisha jaribu tena alfajiri.