Jina la kisayansi la mnyama, na mabano yanayolifuata

Ukisema "nimeona nyumbu", msikilizaji ana haki ya kuuliza: yule wa Serengeti, au yule wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi? Neno moja, wanyama wawili. Kwenye jina la kisayansi swali hilo halipo: wa Serengeti ni Connochaetes taurinus, uwe Dodoma au Tokyo.

Utaratibu huu ni wa Carl Linnaeus (1707–1778), tabibu na mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Kabla yake wasomi wa Ulaya waliweza kumtaja mdudu mmoja kwa sentensi nzima ya Kilatini, miguu na rangi vikiwamo, na kila msomi na sentensi yake. Linnaeus akabakiza maneno mawili: jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, inayoanza kwa herufi kubwa, kisha jina la spishi kwa herufi ndogo. Toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, la mwaka 1758, ndilo mwanzo rasmi wa majina ya wanyama.

Juu ya jenasi aliweka oda, kundi la jenasi kadhaa, na juu ya oda ngeli, kundi la oda. Ngeli tunazijua kwenye sarufi: kiboko ana KI-, lakini hakuna asemaye "kiboko kimelala". Amelala, uhai umeshinda umbo la neno. Nyangumi naye yalimkuta hayo. Mwaka 1735 Linnaeus alimpanga na samaki kwa umbo lake. Kufikia 1758 alishamhamishia kwa wanyama wanaonyonyesha.

Sasa mabano. Simba huandikwa Panthera leo (Linnaeus, 1758). Linnaeus alimwita Felis leo, jenasi moja na paka wa nyumbani. Waliokuja baadaye wakamhamisha, na mabano ndiyo yanayokuambia kwamba mtaja jina ni huyu, ila jenasi si ile aliyompa. Twiga vilevile: alianza kama Cervus camelopardalis, yaani kulungu aliye nusu ngamia nusu chui (Linnaeus hakuwa na haya), leo ni Giraffa, kutoka Kiarabu zarafa.

Hata kipunji, kima wa milima ya kusini mwa Tanzania, kahamishwa. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa Lophocebus kipunji. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa Mlima Rungwe. Neno la pili, ambalo Wanyakyusa walikuwa nalo siku zote, halikuguswa.