Mzimu mwenye televisheni kiganjani: ni sayansi au ni uchawi?

Je, wajua kwamba mwaka 1954, miaka mitano kabla ya televisheni kuanza kurusha matangazo Nigeria, Amos Tutuola, mwandishi Myoruba wa Nigeria, alikwisha kumbuni mzimu wa kike mwenye televisheni kiganjani? Yumo katika riwaya yake, My Life in the Bush of Ghosts. Msimulizi aliingia msitu wa mizimu akiwa na miaka saba, akiwakimbia wateka watumwa, na miaka mingi baadaye bado hajaiona njia ya kutokea. Hapo anatokewa na mwanamke mwenye vidonda mwili mzima, anayemtaka amlambe vidonda hivyo kwa miaka kumi ndipo apone. Anakataa. Mwanamke anakunjua kiganja, na mle ndani msimulizi anamwona mama yake, anawasikia watu wa kwao. Kisha anawaona wakimtibu mtoto kidonda kwa majani fulani. Anayatafuta majani hayohayo, anamganga yule mzimu, naye anamrudisha kwao.

Sasa, hadithi hii tuiweke rafu gani? Bunilizi za kisayansi au fantasia?

Wahakiki hubishana hapa kwa sababu vipimo walivyorithi vilitengenezwa kwa vitabu vingine. Darko Suvin, mwaka 1979, alitaka bunilizi ya kisayansi iwe na jambo jipya, geni kwa ulimwengu wa msomaji, ila linaloelezeka kwa akili. Uchawi na mizimu akavitoa nje. Kabla yake, mwaka 1970, Tzvetan Todorov alisema kiini cha fantasia ni kusita kwa msomaji: je, hili limetokea kweli au ni njozi? Wote wawili walimfikiria msomaji ambaye mizimu haimo katika dunia yake. Lakini msomaji aliyekulia kwenye masimulizi ya Kiyoruba anaweza kumpokea yule mwanamke bila kusita hata kidogo. Kinachomshangaza ni televisheni.

Ndiyo maana Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alifafanua mwaka 2019 majina mawili: Africanfuturism kwa hadithi za kisayansi zenye mizizi barani Afrika, na Africanjujuism kwa fantasia inayochanganya ubunifu na imani ambazo watu wanazo kweli. Majina yanasaidia, ingawa vitabu vyake mwenyewe haviyatii sana. Katika Lagoon (2014) viumbe kutoka anga za mbali wanashukia bahari ya Lagos, na mara mizimu ya jiji nayo inaamka, mpaka barabara inakula watu.

Kuna pingamizi, na lina uzito: ukisema Mwafrika hatofautishi mzimu na mashine, umerudi kwenye picha ileile waliyoichora wakoloni. Mimi naona njia ya kukwepa mtego huo ni kuacha kuuliza watu wanaamini nini, tukauliza kila kitu kinafanya kazi gani ndani ya hadithi. Kiganja cha yule mwanamke kinaleta habari kutoka mbali, na habari hiyo inatibu ugonjwa. Kwa kipimo hiki ni chombo, hata kama mwenye nacho ni mzimu.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wake. Katika riwaya ya Walenisi (1995) ya Mkenya Katama Mkangi, Dzombo amehukumiwa kufa, na hukumu yenyewe ni kutiwa katika chombo cha angani na kurushwa. Badala ya kufa, anafika nchi yenye haki na usawa. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986, enzi za Rais Moi, kwa hiyo ni rahisi mhakiki kukimbilia siasa na kukifanya chombo kile kuwa sitiari tu. Kusoma hivyo si kosa. Ila kunaliruka swali ambalo mpenzi wa bunilizi za kisayansi angeanza nalo: ni utawala gani huo wenye uwezo wa kumrusha mtu angani, ukaamua kuutumia uwezo huo kunyongea?