Umeandika [sauti]. Sauti gani sasa?

Kazi yangu ni kuediti hadithi za kusikiliza, podikasti na michezo ya redio, na siku hizi nusu ya muda wangu unaishia kwenye transkripti, yale maandishi ya kumsaidia asiyesikia. Zamani nilijua ni kazi ya kuchapa tu, mtu kasema, umeandika, umemaliza, kanywe chai.

Sasa kuna episodi moja tuliitoa, mama kamfungia mwanae nje usiku, mtoto anaelekea kisimani. Karibu dakika nzima haongei mtu, ni vyura, nyayo kwenye majani makavu, alafu jiwe linachomoka na maji yanapokea. Tulijisifia hiyo sini hadi basi! Kwenye transkripti mimi nikaweka [sauti], mstari unaofuata mama analia. Dada mmoja kiziwi anayesoma kazi zetu akanitumia meseji, "Kaka, mama analia nini? Mtoto si yuko nje tu?" Niliona aibu. Hadithi nzima ilikuwa imelala kwenye hayo mabano.

Nikaiandika upya: [Vyura wanalia. Nyayo kwenye majani makavu, haraka haraka. Zinasimama. Jiwe linachomoka. Kitu kizito kinaanguka majini, chubwi!] Sijaandika "mtoto katumbukia", manake msikilizaji nae hajaambiwa, anakisia mwenyewe, kwa nini msomaji nimkatie utamu? Na hiyo chubwi siiachi peke yake. Kiswahili kimetupa chubwi ya majini na tifu ya mchangani, raha tupu, ila mtu aliyekulia kwenye lugha ya alama anaweza asiwe na habari na chubwi, so nataja na maji.

Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unaweka transkripti ya sauti iliyorekodiwa kwenye ngazi A, yaani ya chini kabisa, na unataka maandishi yabebe kile kile kilichomo kwenye sauti, sio maneno tu. Zile programu zinazonukuu zenyewe natumia, sikatai, mtangazaji wa studio zinamuweza, ila mpe bibi wa Pemba anayesimulia huku anatafuna tambuu na kuku wanapita nyuma, uone itakachoandika. Dakika 20 zinanila kama masaa matatu.

Wasioona nao tunawasahau kwa kuamini kwamba sauti ni sauti, watasikiliza tu. Watasikilizaje kama kitufe cha kucheza hakina jina, TalkBack, ile programu ya simu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, inafika pale inasema kitufe, basi, cha nini haisemi? Na usipige picha maandishi ukayapandisha, programu ya kusoma skrini inaona picha tu. Kuna asiyeona na pia hasikii vizuri, anasoma kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu, huyo transkripti ya maandishi ya kawaida ndo hadithi yake yote. Na jamani ukiandika "xaxa" badala ya "sasa" ile sauti ya mashine inasoma vituko.

Yule dada nikamrudishia episodi niliyorekebisha. Akajibu: "Sawa, nimeelewa. Ila wale vyura baada ya chubwi walinyamaza au waliendelea?"

Nikavaa hedifoni nikasikiliza tena. Walinyamaza. Sikuwa nimeandika.